Programu Huria na Kufuli za Wafanyabiashara

Msomaji, kila ubonyezapo kitufe cha simu au cha tarakilishi, unatumia kazi ya mikono ya watu usiowajua, na ambao yamkini hutawajua maisha yako yote. Watu hao waliandika. Hawakuandika hadithi wala mashairi, bali waliandika amri, mstari chini ya mstari, hata mashine isiyo na akili ikaweza kufanya hesabu, kupeleka barua na kuonyesha picha. Maandishi hayo huitwa msimbo. Nataka tuzungumze juu ya msimbo: nani ana haki ya kuusoma, na imekuwaje kwamba baadhi ya kampuni zilizotajirika kwa maandishi yaliyoachwa wazi kwa watu wote zimeanza kuyatia kufuli.

Usidhani kwamba jambo hili ni la mafundi peke yao. Mtu asiyejua kujenga hukaa ndani ya nyumba vilevile, na ukuta ukianguka humwangukia yeye kama unavyomwangukia mwashi.

Kwanza sharti tutenganishe mambo mawili ambayo wengi huyachanganya. Mwandishi wa programu huandika kwa lugha ambayo binadamu aliyefundishwa aweza kuisoma. Ndani yake mna maneno, mna alama za hesabu, na aghalabu mna maelezo machache ambayo mwandishi humwachia mwandishi mwenzake, ili ajaye nyuma asipotee. Kisha maandishi hayo hupitishwa katika programu nyingine inayoyageuza kuwa mfululizo mrefu wa sifuri na moja, na huo ndio chakula cha mashine. Kwenda ni rahisi; kurudi ni taabu. Mahindi husagwa yakawa unga kwa muda mfupi, lakini hapana kinu kiwezacho kuurudisha unga ukawa mahindi. Mtu akikuuzia programu bila ya msimbo wake, amekuuzia unga. Utasonga ugali na utashiba, wala si vibaya kushiba, lakini hutapanda.

Mimi ni mtoto wa wakulima, na kwa hiyo mfano huu hauko mbali nami. Nyanya yangu alikuwa akichagua mahindi yenye punje nene baada ya kila mavuno, akiyatundika juu ya meko ili moshi uwafukuze fukusi. Jirani aliyekosa mbegu alikuja kuomba, akapewa, na huenda mwaka uliofuata yeye ndiye aliyeombwa. Zilipokuja mbegu za dukani, ambazo hapana budi kuzinunua upya kila mwaka kwa kuwa punje za mavuno yake zikipandwa tena hazizai kama mara ya kwanza, nyanya alizinunua. Zilizaa sana, naye hakuwa mtu wa kuikataa faida. Walakini hakuacha kutundika mahindi yake juu ya meko.

Siku za mwanzo za tarakilishi, msimbo ulikuwa mfano wa mahindi yale. Mashine zilikuwa chache na ghali mno, na waliozitumia, wengi wao wakiwa wanazuoni, walipeana maandishi yao kama majirani wapeanavyo chumvi. Kufuli zilikuja baadaye, wafanyabiashara walipotambua kwamba maandishi yenyewe yaweza kuuzwa mbali na mashine.

Karibu na mwaka wa 1980, katika maabara moja ya Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts huko Marekani, palikuwa na kijana aitwaye Richard Stallman. Maabara ile ilipewa printa mpya ya kampuni ya Xerox. Ilichapa kwa kasi, lakini karatasi zilikwama mara kwa mara, na kwa kuwa mashine haikuwa karibu na watumiaji wake, mtu aliweza kuifuata kazi yake baada ya saa nzima akaikuta imekwama tangu ukurasa wa kwanza. Printa ya zamani nayo ilikuwa na ila hiyo. Lakini msimbo wake ulikuwa wazi, na Stallman alikwisha kuongeza mistari michache ili mashine iwapelekee habari wote wanaongoja kwamba printa imekwama. Alitaka kufanya vivyo hivyo kwa ile mpya. Msimbo wake haukuwapo. Akasikia kwamba mtafiti mmoja katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon anao. Akamwendea, akamwomba, akanyimwa, maana mtafiti yule alikuwa ameiahidi kampuni kwamba hatampa mtu mwingine yeyote.

Hebu lifikirie jambo hilo. Hapakuwa na aliyemnyang'anya mwenzake fedha. Kulikuwa na mashine mbovu, fundi aliyejua kuitengeneza na aliyekuwa tayari kufanya kazi hiyo bila malipo, na mtu mwenye maandishi yaliyotakiwa. Na katikati yao ilisimama ahadi iliyowafanya wote watatu, yaani mashine, fundi na mwenye maandishi, wasifae kitu. Naona hapo ndipo kiini cha habari yote ijayo.

Stallman hakurudi nyumbani na hasira tupu. Tarehe 27 Septemba 1983 alitangaza nia ya kuandika mfumo mzima wa tarakilishi ulio huru, akauita GNU. Katika mwaka wa 1985 alianzisha taasisi ya kuutunza, na katika mwaka wa 1989 ikatoka leseni ijulikanayo kwa kifupi kama GPL. Leseni hiyo ni kazi ya akili nyingi. Sheria ya hakimiliki, kwa kawaida, humpa mwandishi uwezo wa kuwazuia wengine wasinakili. Stallman aliutumia uwezo huohuo kuwazuia watu wasiwazuie wenzao. Leseni yasema, kwa maneno yangu mimi: soma, badilisha, gawa, hata uza, lakini yeyote umpaye programu hii, mpe na msimbo wake, pamoja na haki hizihizi ulizopewa wewe.

Liangalie neno "uza". Wanafunzi wengi niliowafundisha hudhani kwamba programu huria ni programu ya bure. Sivyo. Uhuria ni juu ya kusoma na kubadilisha; bei ni habari nyingine. Hapana leseni ya namna hii inayomkataza mtu kufanya biashara, na mtu asemaye kwamba kampuni zinakosea kwa sababu zinataka fedha hajaelewa ugomvi wenyewe.

Tarehe 25 Agosti 1991, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki huko Finland, Linus Torvalds, mwenye umri wa miaka 21, alitangaza kwamba anaandika kiini cha mfumo wa tarakilishi kwa kujifurahisha tu. Mwaka uliofuata alikiweka chini ya leseni ya GPL. Kiini hicho kikaitwa Linux. Maelfu ya watu kutoka pande zote za dunia wamekiongezea mistari yao. Leo kimo ndani ya kila simu ya Android, na tangu mwezi wa Novemba 2017 tarakilishi zote 500 zilizo katika orodha ya mashine zenye nguvu kupita nyingine zote duniani zinaendeshwa nacho. Ikiwa mzazi wako ana simu ya Android mfukoni, basi ana kazi ya Torvalds na wenzake mfukoni.

Wala sisi wa Afrika ya Mashariki hatukukaa pembeni. Katika mwaka wa 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa programu ya kiofisi katika lugha ya Kiswahili, iliyoitwa Jambo OpenOffice. Hawakuomba ruhusa kwa mtu, kwa sababu msimbo wa OpenOffice ulikuwa wazi na ruhusa ilikwisha kutolewa. Mwanzoni mwa mwaka wa 2008, katika siku za huzuni zilizofuata uchaguzi wetu hapa Kenya, vijana waliandika programu ya kukusanya habari za ghasia na kuzionyesha katika ramani, wakaiita Ushahidi. Msimbo wake waliuacha wazi, na tetemeko la ardhi lilipoipiga Haiti mwaka wa 2010, programu hiyo ilikuwa miongoni mwa zilizotumiwa kuwatafuta wenye kuhitaji msaada. Neno la Kiswahili lilifika Port-au-Prince kwa njia ya msimbo. Hilo hunifurahisha kila nilikumbukapo.

Sasa tuje kwa wafanyabiashara. Kampuni ya Red Hat ilianzishwa Marekani mwaka wa 1993, nayo ilionyesha dunia kwamba mtu aweza kutajirika kwa kitu ambacho kila mtu aweza kukinakili. Iliwezaje? Ilikusanya Linux pamoja na maelfu ya programu nyingine huria, ikazijaribu, ikazipatanisha, ikaahidi kuziba kila ufa utakaoonekana kwa muda wa miaka mingi, kisha ikawatoza mabenki, majeshi na hospitali ada ya mwaka kwa ahadi hiyo. Katika mwaka wake wa hesabu wa 2012 mapato yake yalipita dola bilioni 1. Mwaka wa 2019 kampuni ya IBM iliinunua kwa dola bilioni 34. Sikumbuki biashara nyingine iliyothaminiwa hivyo kwa kuuza kitu ambacho jirani yake alikuwa na haki ya kukitoa bure.

Na jirani huyo alikuwapo kweli. Tangu mwaka wa 2004 kundi la watu walikuwa wakichukua msimbo wa Red Hat, ambao kampuni iliuweka wazi, wakaondoa jina na nembo, wakaujenga upya na kuutoa bure kwa jina la CentOS. Vyuo, maabara za sayansi na kampuni changa zilizokosa fedha za ada zilitumia CentOS. Red Hat haikuona taabu; mwaka wa 2014 ililikaribisha kundi hilo ndani ya nyumba yake. Toleo la nane la CentOS lilipotoka mwaka wa 2019, watu waliambiwa litatunzwa hadi mwaka wa 2029. Basi wakalitia katika mashine zao wakatulia. Tarehe 8 Desemba 2020 ikatangazwa kwamba toleo hilo litakoma mwishoni mwa mwaka wa 2021. Miaka zaidi ya saba ilikatwa kwa tangazo moja.

Gregory Kurtzer, mmoja wa waanzilishi wa CentOS, alitangaza mara moja kwamba ataanza upya. Mfumo wake aliuita Rocky Linux, kwa ukumbusho wa mwenzake wa zamani katika kazi ya CentOS, Rocky McGaugh, aliyekwisha kufariki. Wengine walianzisha AlmaLinux. Yote mawili yalikuwa tayari kabla ya nusu ya mwaka wa 2021 kwisha, na maabara kubwa ya CERN ya Uswisi ilikuja kuichagua AlmaLinux.

Ndipo tarehe 21 Juni 2023 kampuni ikaufunga mlango wenyewe. Ilitangaza kwamba msimbo halisi wa mfumo wake hautawekwa tena hadharani. Hadharani patabaki CentOS Stream peke yake, ambayo ni mkondo unaotiririka mbele ya mfumo wenyewe, unaofanana nao sana lakini si sawa nao kwa kila herufi. Msimbo halisi watapewa wateja tu.

Hapa, msomaji, nakuomba usome taratibu, kwa sababu hapa ndipo penye fundo. Je, kampuni ilivunja leseni? Leseni ya GPL haisemi kwamba msimbo apewe kila mtu duniani. Yasema apewe yule aliyepewa programu. Wateja wa Red Hat wanapewa. Kwa upande huu kampuni imesimama juu ya sheria na miguu yake haitikisiki. Lakini leseni yasema pia kwamba mteja akishapewa msimbo ana haki ya kumpa amtakaye, wala mtoaji hana ruhusa ya kumwekea masharti zaidi. Kampuni haimwambii mteja kwamba hana haki hiyo. Humwambia tu, katika mkataba wa ada, kwamba akiutumia usajili wake ili kuugawa msimbo, usajili huo waweza kukatishwa. Hatapata toleo lijalo wala msaada. Yaani haki ni yako, itumie. Ila ukiitumia, kesho usije kubisha hodi.

Watetezi wa uhuru wa programu walisema kwamba kumtisha mtu ili asiitumie haki yake ni sawa na kumnyang'anya. Kampuni ilijibu kwamba hapana mtu alazimishwaye kuendelea kumuuzia mteja asiyemtaka. Jambo lenyewe ni gumu kuliko linavyoonekana, na nimewasikia watu wenye elimu kubwa wakibishana juu yake bila kupatana. Rai yangu mimi ni kwamba kampuni ilifuata herufi za leseni na kuukwepa moyo wake. Leseni iliandikwa na mtu aliyenyimwa msimbo kwa sababu ya ahadi iliyotiwa kwa kampuni. Mkataba wa ada ni ahadi ileile, imebadilisha kanzu.

Walakini nisingekuwa mwalimu mwema kama ningekuficha upande wa pili. Red Hat huajiri maelfu ya wahandisi, nao ni miongoni mwa walioandika sehemu kubwa ya Linux na programu nyingi izizungukazo. Na wanayoyaandika huyarudisha huko yalikotoka, hadharani. Mmoja wa wakuu wake aliandika siku chache baada ya tangazo lile kwamba wanaochukua kazi ya kampuni na kuijenga upya bila kuongeza kitu ni hatari kwa kampuni zote za programu huria. Tena, si wote waliolia siku ile walikuwa yatima. Kampuni ya Oracle, tajiri kuliko Red Hat, ilikuwa ikiujenga upya msimbo huo tangu mwaka wa 2006 na kuuza huduma juu yake. Mtu akilima na mwingine akavuna akauza sokoni, mlimaji ana haki ya kununa. Swali ni kama mlimaji mwenyewe alilima shamba lake, au shamba la kijiji.

Watu waliofungiwa mlango walitafuta dirisha. AlmaLinux iliamua kuacha kufanana na Red Hat kwa kila herufi, ikaridhika na kuhakikisha kwamba programu iendayo huku yaenda na kule. Rocky Linux ilipata hila ya kuchekesha: ilisema itakodi kwa muda mfupi mashine zinazoendeshwa na mfumo wa Red Hat katika maghala makubwa ya tarakilishi, na kwa kuwa mkodishaji naye ni mtu aliyepewa programu, ataupata msimbo kwa haki. Mwezi wa Agosti 2023, Oracle, SUSE na kampuni ya Kurtzer zikaungana kuutunza msimbo wa namna hiyo hadharani.

Huenda ukauliza: kwa nini Red Hat ijisumbue na mikataba, badala ya kuibadilisha leseni yenyewe? Kwa sababu haiwezi. Hakimiliki ya Linux haiko mikononi mwa mtu mmoja. Imetawanyika kwa maelfu ya walioandika, baadhi yao wakiwa wamekufa, na pasipo idhini yao leseni haibadiliki. Kutawanyika huko ambako mfanyabiashara hukuona kuwa fujo ndiko ngome ya Linux.

Kampuni nyingine hazikuwa na kizuizi hicho. Zile zilizoandika programu zao kwa mikono yao zaidi, au zilizodai kila mchangiaji azikabidhi haki fulani juu ya mistari yake, au zilizotumia leseni nyepesi isiyofunga mtu, ziligeuza leseni asubuhi moja. MongoDB ilifanya hivyo mwaka wa 2018, Elastic mwaka wa 2021, HashiCorp kwa programu yake ya Terraform mwezi wa Agosti 2023, na Redis mwezi wa Machi 2024. Msimbo wao uliendelea kuonekana, lakini ulifungwa masharti juu ya nani aweza kuutumia na kwa kazi gani. Manung'uniko yao yalikuwa karibu sawa: kampuni kubwa zinazokodisha tarakilishi kwa dunia nzima, kama Amazon, huchukua programu ya wengine, huikodisha kwa fedha nyingi, na aliyeiandika haoni hata senti. Manung'uniko hayo si ya uongo. Lakini mlango ukifungwa kwa sababu ya tembo, mbuzi nao hukaa nje.

Jambo moja mfanyabiashara hawezi kulifanya, nalo ni kurudi nyuma. Nakala iliyotolewa jana kwa leseni huria inabaki huria. Kwa hiyo kila mara baada ya kufuli, watu huchukua nakala ya mwisho iliyo wazi na kuendelea nayo kwa jina jipya. Kutoka Elastic ilizaliwa OpenSearch. Kutoka Terraform ilizaliwa OpenTofu. Kutoka Redis ilizaliwa Valkey, tena kabla ya mwezi uleule kwisha. Elastic iliirudisha leseni huria mwezi wa Agosti 2024, na Redis mwezi wa Mei 2025. Valkey haikufungwa kwa sababu hiyo. Waliokwisha kujenga nyumba nyingine hawakuona haja ya kuibomoa.

Hadithi ndogo ya namna hiyo iko katika shule nifundishayo, nami nitakusimulia kwa kuwa ndiyo iliyonifanya niyasome haya yote. Nilipotoka chuo cha ualimu na kupangiwa shule hii, tulikuwa tukijumlisha alama za mitihani kwa kalamu. Kisha tukapata programu ya alama iliyoandikwa na kampuni moja ambayo sitaitaja jina. Msimbo wake ulikuwa huria. Baada ya muda tuligundua kwamba mwanafunzi aliyekosa karatasi moja kwa ugonjwa aliandikiwa sifuri, na wastani wake ukaanguka kama mtu aliyeshindwa. Msichana mmoja wa kidato cha tatu, ambaye yeye mwenyewe alikuwa amelazwa wiki ya mtihani, alikaa na msimbo ule maabarani siku nne baada ya masomo. Akapata mahali ambapo programu haikutofautisha kati ya asiyepata kitu na asiyekuwapo. Akaandika mistari kumi na mmoja. Sharti la kampuni lilikuwa kwamba kila atumaye marekebisho huipa ruhusa ya kuyatumia itakavyo, na pasipo kukubali hayapokelewi. Yalipokewa. Toleo lililofuata lilikuwa nayo, na shule nyingi zilizotumia programu ile zilipata faida yake bila kujua ilikotoka.

Miaka miwili baadaye kampuni ilitangaza kwamba toleo jipya halitakuwa huria tena, na kwamba kila shule italipa ada ya mwaka kwa kichwa cha kila mwanafunzi. Msichana yule alikuwa amebakisha muhula mmoja kumaliza. Alinijia ofisini akauliza, "Mwalimu, mistari yangu imo bado?" Nikamwambia imo. "Na sasa nikitaka kuisoma?" Nikamwambia kwamba katika toleo jipya hawezi, lakini nakala ya zamani tunayo, ni halali, na hapana awezaye kutunyang'anya. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba basi tuitunze vizuri. Niliitia katika diski tatu, moja iko kwa mwalimu mkuu.

Tumeitumia nakala hiyo tangu wakati ule, na shule mbili za jirani zimeichukua. Lakini mtaala mpya umekuja na namna nyingine ya kupima, na sehemu kadha za msimbo wetu sharti ziandikwe upya. Toleo la kampuni limekwisha kufanya hivyo, nami nimeliona, ni zuri. Halmashauri ya shule itakutana mwisho wa mwezi huu kuamua kama tutalipa ada au tutaandika wenyewe. Mweka hazina ameniomba nilete mezani hesabu ya ada ya miaka mitano. Nitaileta, na pamoja nayo nitaleta karatasi yenye majina ya wanafunzi sita wa maabara waliosema wako tayari kubaki baada ya masomo, na barua ya msichana yule, ambaye sasa yuko chuo kikuu, akieleza ni mistari gani ianzwe kwanza.